Mvua imerudi: motokari yako iko tayari kushuka Ngomo?

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukiingia tu, mashofere wa Bukavu wanajua kinachowangoja. Vumbi ya kiangazi inageuka potopoto, kanivo zinajaa chupa na sashe, na safari ambayo mwezi wa saba ilichukua nusu siku inaweza kula siku mbili. Kwa Kivu ya Kusini mvua inanyesha tangu mwezi wa tisa hadi mwezi wa tano. Upande wa Butembo na Beni, karibu na ikweta, kiangazi cha kweli hakuna: mvua inapunguka kidogo, kisha inarudi. Kalemie yenyewe inangoja hadi mwezi wa kumi hivi.

Wakati wa kuangalia motokari ni mbele ya hapo, si siku ambayo imekwisha kukwama. Tena mvua ya kwanza ndiyo yenye kuteleza zaidi, jambo ambalo wengi hawaliamini. Katika miezi mitatu ya jua, mafuta ya moteri yanadondoka kidogo kidogo juu ya gudron na vumbi inayafunika. Mvua ya kwanza ikipita, vyote viwili vinachanganyika na kuwa kama sabuni. Baada ya mvua kubwa mbili ao tatu barabara inaoshwa na pine inashika tena vizuri.

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 juu ya bahari, Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Shofere anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 lazima aishushe motokari yake tofauti hiyo yote, na sehemu ngumu ni miteremko ya Ngomo, ukuta wa mlima upande mmoja na shimo upande mwingine. Chini, kwenye uwanda wa Ruzizi na ndani ya mji wa Uvira, mito inashuka kutoka milimani kwa nguvu. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake ukaingia ndani ya makartie ya Uvira. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, huko Kalehe, kando ya barabara ya Bukavu–Goma, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400.

Esuiglasi mpya haizuii mlima kuanguka, hilo ni wazi. Lakini kuna hatari nyingine, ya kila siku, ambayo haisemwi sana kwa redio: motokari iliyoshindwa kusimama, shofere asiyeona mbele, pine iliyoteleza kwenye kona. Hiyo inaweza kuzuiwa garajini.

Pine, mbele ya kitu chochote

Mistari ya pine si ya urembo. Kazi yake ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse barabara. Mistari ikiisha, maji hayana pa kupita, na motokari inapanda juu ya maji kama mtumbwi: volani inakuwa nyepesi ghafula, freni haijibu tena. Ulaya sheria inakataza pine ambayo mistari yake iko chini ya milimita 1,6, na kwa wakati wa mvua wajuzi wengi wanashauri isishuke chini ya milimita 3. Nani ana kipimo hicho hapa kwetu? Hakuna shida. Ndani ya mistari mikubwa ya pine kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Siku pine inalingana na vinundu hivyo, imekwisha, hata kama mwenye motokari anasema bado inavumilia.

Kwa kuwa pine nyingi zinazouzwa ni za okazio, umri wake ni jambo kubwa kuliko sura yake. Kwenye ubavu kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo namba nne. 2316 maana yake juma la 23 la mwaka 2016. Pine ya miaka kumi inaweza kuwa na mistari mizuri, lakini mpira wake umekauka, umekuwa mgumu sawa plastiki, na juu ya gudron yenye maji haishiki. Ukiona nyufa nyembamba ubavuni, muuzaji atasema ni jua tu. Ni kweli ni jua, na ndiyo sababu ya kuiacha.

Wengine wanachonga mistari mipya kwa kisu ndani ya pine iliyokwisha. Pine fulani za kamiyo zimetengenezwa ili zichongwe, na kiwanda kimeandika hivyo ubavuni. Za motokari ndogo hapana. Pine ya taxi iliyochongwa inaonekana mpya, kumbe mpira uliobaki mbele ya nyuzi ni mwembamba kama karatasi, na jiwe moja la Nyangezi linatosha.

Upepo nao una kipimo chake, wala si kupiga teke na kusikiliza. Kwenye motokari nyingi za Japani kuna kikaratasi kilichobandikwa penye mlango wa shofere, na kipimo kimeandikwa kwa kPa: 220 kPa ni sawa na bari 2,2, ao 32 kwa mashine zenye kupima kwa psi. Pine yenye upepo kidogo inapanda juu ya maji haraka zaidi kuliko yenye upepo wa kutosha. Ndani ya potopoto nzito mashofere wazoefu wanatoa upepo kidogo ili pine ipanuke na ishike, na wako na haki. Shida ni kwamba wakitoka kwenye potopoto wanasahau kuurudisha, wanaingia gudron na kasi ileile.

Freni, na kushuka kwa vitesi

Mbele ya mvua fundi afungue magurudumu yote manne, si yale ya mbele peke yake. Freni za nyuma za motokari nyingi ni za ngoma, na ngoma inakusanya potopoto na maji. Afadhali pia kubadilisha mafuta ya freni ikiwa imepita miaka miwili. Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Kwenye tambarare hautaona kitu, lakini kwenye mteremko mrefu freni zikipata moto, maji yaliyo ndani ya mafuta yanachemka, yanakuwa mvuke, na pedali inaingia hadi chini bila motokari kusimama.

Kwa hiyo Ngomo haishukwi kwa freni. Inashukwa kwa vitesi. Sheria ya wazee wa barabara ni nzuri: teremka na vitesi ileile ambayo ungepandia. Moteri inazuia motokari, na freni inabaki baridi kwa ajili ya siku mbaya. Anayeshuka na vitesi ikiwa hewani ili kubana esansi anabana franga chache na kuweka maisha ya watu saba mezani. Kwa motokari za otomatiki, kuna L ao 2 karibu na D, na wengi hawajawahi kuzigusa tangu wanunue motokari.

Barabara ikiwa na maji, safari ya kusimama inakuwa karibu mara mbili. Njia rahisi ya kupima nafasi ni kuchagua mti ao nguzo ambayo motokari ya mbele imepita, kisha kuhesabu pole pole. Ikiwa haujafika nne mbele ya kupita mti uleule, uko karibu mno.

Na kamiyo zenye kufanya pane kwenye mpando zinaacha nyuma yao mawe waliyowekea magurudumu. Kamiyo inatengenezwa, inaondoka, mawe yanabaki katikati ya njia, na usiku wa mvua hakuna anayeyaona. Tandiboi akisahau kuyatoa, shofere amkumbushe.

Kuona, na kutopofusha wengine

Mpira wa esuiglasi unakufa wakati wa kiangazi. Jua linaukausha, vumbi inaula, na mvua ya kwanza inaikuta inachora mistari tu juu ya parabrizi. Ni piesi ndogo, na mbele ya kuibadilisha mtu anaweza kuuosha mpira kwa maji ya sabuni na kitambaa. Mara nyingine inatosha. Parabrizi yenyewe ioshwe nje na ndani, kwa maana ndani kuna mafuta ya mikono na moshi ambayo mchana hayaonekani, ila usiku mataa ya wengine yanayageuza kuwa ukungu.

Ukungu wa ndani ni shida ya taxi zaidi kuliko ya motokari ya mtu binafsi. Wanne nyuma, wawili mbele pamoja na shofere, wote wamelowa, vioo vimefungwa: kwa dakika mbili parabrizi inakuwa nyeupe. Klimatizeri ikiwa bado inafanya kazi, iwashwe hata kama kuna baridi, kwa sababu inakausha hewa. Ikiwa imekufa, kioo kimoja kifunguliwe kidogo hata kama abiria wa pembeni analalamika. Sabuni kavu ikipakwa kidogo kwenye kioo cha ndani na kupanguswa kabisa kwa kitambaa kikavu, ukungu unachelewa kurudi. Kupangusa kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye volani si suluhisho, ijapo ndilo linaloonekana kila siku.

Jambo ambalo halijulikani sana linahusu mataa. Motokari nyingi za mashariki ya Kongo zimetoka Japani kupitia Mombasa ao Dar es Salaam, na volani yake iko kuume. Huko watu wanatembea upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo taa za chini zimetengenezwa ili mwanga wake upande kidogo upande wa kushoto, kuangazia watembea kwa miguu. Hapa kwetu tunatembea kuume. Mwanga uleule unakwenda moja kwa moja ndani ya macho ya anayekuja mbele. Shofere anasema amewasha taa za chini, na ni kweli, lakini mwenzake amepofuka. Barabara ikiwa na maji inakuwa kama kioo na ubaya unazidi.

Fundi anaweza kusaidia kwa njia tatu: kutafuta mataa ya modeli ya volani ya kushoto ikiwa inapatikana, kubandika kipande cha skochi nyeusi juu ya sehemu ya kioo inayotoa mwanga huo, ao angalau kushusha mataa. Skochi ibandikwe usiku mbele ya ukuta, motokari ikiwa imesimama, ili waone ni sehemu gani inayotakiwa kufichwa. Tena, motokari ikibeba mizigo nyuma, pua yake inapanda na mataa yanapanda pamoja nayo. Nyingi zina kidude kidogo karibu na volani, chenye namba 0 hadi 3. Ndicho cha kushushia mataa siku ya mzigo.

Volani kuume ina tatizo lingine: ili kupita kamiyo, shofere hana njia ya kuona mbele bila kutoa nusu ya motokari. Wengi wanamuuliza abiria wa kushoto kama njia iko wazi. Kwenye mvua, kumwachia abiria ambaye hajui kuendesha neno la mwisho ni kamari. Afadhali kubaki nyuma ya kamiyo hadi Kamanyola.

Nani analipa?

Hapa ndipo maneno mengi yanapoanzia. Taxi nyingi si za mashofere. Kuna bosi, na kuna pesa ya kuversa kila jioni. Kwa kawaida pane kubwa ni ya bosi, vitu vidogo ni vya shofere. Sasa pine ni kubwa ao ni ndogo? Esuiglasi? Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na motokari inaingia mvua hivyo. Siku ya ajali bosi anapoteza motokari, shofere anapoteza kazi, pengine na mguu. Waliokaa chini mwezi wa nane na kukubaliana kwamba pesa ya siku mbili ao tatu inakwenda garajini, wametumia kidogo kuliko wanaongoja. Abiria pia ana sauti: kuuliza kama esuiglasi inafanya kazi mbele ya kupanda haimkosei shofere heshima.

Bateri na mazutu ya chupa

Kwa bateri, kazi ni ndogo. Mvua ina maana mataa, esuiglasi na vantilateri pamoja, na bateri iliyochoka haivumilii. Ile unga nyeupe ao ya kijani kwenye vichwa vyake ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe, ikazwe vizuri, na grisi kidogo juu.

Mafuta ya kando ya barabara yanataka uangalifu zaidi. Kwa Kadhafi, bidoni zinakaa nje, kifuniko hakifungi vizuri, na mvua inaingia. Maji ni mazito kuliko mazutu na esansi, kwa hiyo yanakaa chini. Mazutu ikiwa ndani ya chupa inayoonyesha, iache itulie dakika chache uangalie chini: kama kuna mstari ao matone yanayotembea, ni maji. Motokari nyingi za mazutu zina filtri yenye kifungo chini cha kutolea maji. Wakati wa mvua kifunguliwe mara kwa mara, hadi mazutu safi itoke.

Bila kusahau majani. Anayepaki chini ya miti, majani yanaingia chini ya parabrizi, pale esuiglasi zinapolala, na kuziba vitundu vya kutolea maji. Baada ya hapo maji yanaingia ndani, tapi inanuka, na fundi wa umeme anatafuta pane wiki nzima.

Mto ukikata barabara

Hapa hakuna haraka yenye faida. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ni mito mifupi inayotoka milimani karibu sana. Inaweza kujaa wakati jua linawaka mjini, kwa sababu mvua imenyesha huko juu. Lakini kwa kuwa ni mifupi, inashuka pia haraka. Mara nyingi kungoja masaa machache kunatosha, na chakula cha barabarani hakigharimu kama moteri.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba motokari ndogo. Kwa sentimita 60 hata katkat nyingi zinaondoka. Motokari inaelea, kwa kuwa ndani imejaa hewa, na pine zikiacha kugusa chini, uzito wa moteri hausaidii tena. Maji ya rangi ya chai hayaonyeshi kama barabara bado iko chini yake ao imekwisha kukatwa. Vijana wanaojitolea kuonyesha njia kwa kulipwa wanajua mahali pengi, ni kweli. Hata hivyo wanajua mto wa jana.

Kwa maji yaliyosimama, ambayo motokari nyingine imekwisha kuyapita na hayafiki katikati ya gurudumu, inawezekana. Vioo vishushwe kwanza, kwa maana maji yakipanda mlango haufunguki na vioo vya umeme vinaweza kufa. Vitesi ya kwanza, pole pole, bila kubadilisha vitesi katikati na bila kuachilia gazi. Kukimbia kunainua wimbi, na wimbi hilo linaingia mahali moteri inavuta hewa.

Na moteri ikizimika ndani ya maji, isiwashwe tena. Hili ndilo kosa linaloua moteri nyingi. Hewa inabanwa ndani ya silinda, maji hayabanwi. Kontakti moja tu, na vyuma vya biela vinapinda. Motokari za mazutu zinateseka zaidi kwa sababu zinabana kwa nguvu zaidi. Watu watoke, motokari isukumwe ao ivutwe, fundi atoe filtri ya hewa aone kama ina maji.

Kamiyo zenyewe zina barieri ya mvua, ambapo zinangoja barabara ya udongo ikauke. Mashofere wengi wanaichukia, na pale wanapoomba pesa ili kuifungua mbele ya wakati, inachukiwa zaidi. Lakini kamiyo moja yenye tani ishirini ikipita udongo ukiwa bado laini, inaacha shimo ambalo motokari ndogo zote zitalilalia kwa wiki.

Ndani ya kofre

Kamba yenye nguvu, beleshi, kriki na ubao wa kuiweka juu yake (kriki inazama ndani ya potopoto), pine ya akiba yenye upepo, taa ya mkono, buti, bashi. Kati roze na asiransi ndani ya sashe iliyofungwa. Trianguli pia: matawi ya miti ambayo watu wanaweka barabarani yanafaa mchana, lakini usiku wa mvua hayarudishi mwanga wowote. Simu iwe imejazwa umeme, na mtu wa nyumbani ajue ni njia gani imeshikwa na saa gani. Habari za njia, kama iko wazi na kama iko salama, ziulizwe asubuhi ileile kwa waliotoka huko. Na ikiwa lazima kusimama kungoja mvua, isiwe chini ya ukuta wa udongo wala kando ya mto.

Baada ya kupita maji, freni zikanyagwe kidogo kidogo mara kadhaa huku motokari inatembea, ili zikauke mbele ya mteremko wa kwanza. Kesho yake asubuhi, moteri ikiwa baridi, fundi avute kijiti cha mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa ya chai, maji yameingia, na motokari isitoke garajini. Kwa katkat aangalie pia mafuta ya madaraja ya mbele na nyuma, kwa maana maji yanaingia humo kimya, na mlio unaanza kusikika miezi kadhaa nyuma, wakati mwenye motokari amekwisha kusahau kama alivuka mto.